Chokaa Juu ya Mawe Mawili

Koplo Laurencia hakuwa mtu wa kutazama saa ovyo, lakini asubuhi ile aliitazama mara tatu kabla mashua haijagusa mchanga wa kisiwa cha Chole. Saa mbili na dakika kumi. Boti ya kwenda Nyamisati, bara, ingeondoka Kilindoni kesho alfajiri, na mwanamke aliyeketi mbele yake, magoti yamebanana na vidole vimeng'ang'ania pindo la kanga, alitakiwa awe ndani ya boti hiyo na vyeti vyake mkononi. Keshokutwa asubuhi alikuwa na usaili wa wauguzi huko Kibaha. Tangazo lilisema vyeti halisi, likarudia kusema chini kwa herufi nzito kwa ajili ya wale wanaojifanya hawakuona. Nakala hazipokelewi. Hati ya kiapo haipokelewi.

Vyeti vilikuwa ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa nyumbani kwa wakwe, na wakwe walisema halipo.

"Nieleze tena," alisema Laurencia huku akifungua notibuku juu ya goti. Alikuwa mtu wa Songea, mwaka wa pili Mafia, na bado alikuwa anakaa ndani ya mashua kama aliyekalia tawi lenye siafu. "Taratibu. Kama hujawahi kunieleza."

Zuena alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuomba jambo moja mara nyingi mno.

"Mume wangu, Hemedi, alifariki miezi mitano na zaidi iliyopita. Figo. Nikakaa eda palepale kwao, chumbani kwa mama mkwe, miezi minne na siku kumi. Nilipotoka nikarudi kwetu Baleni. Nikachukua begi, ndoo na jiko la mkaa. Sanduku likabaki chumbani kwetu, maana chumba kilikuwa kimefungwa na ufunguo anao shemeji yangu, Mansuri, naye siku hiyo alikuwa dago, kambi ya wavuvi, huko Shungimbili. Mama mkwe akasema nitaletewa. Nikangoja. Nikaja mara ya kwanza, nikaambiwa nije wiki ijayo. Nikaja mara ya pili, nikaambiwa nililichukua mwenyewe."

"Likoje?"

"La bati. Rangi ya buluu, lina ua jekundu kwenye kifuniko. Kufuli la shaba. Ufunguo ninao." Alionyesha fundo dogo katika pindo la kanga.

Laurencia aliandika: *Sanduku lilibaki chumbani, chini ya kitanda.* Akaipigia mstari sentensi hiyo. Baadaye angejilaumu kwa mstari ule.

*

Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Sadick, aliwapokea ufukweni, akawaongoza hadi kwenye nyumba ile akizungumza njia nzima juu ya umuhimu wa amani. Bi Kijakazi alikuwa barazani juu ya mkeka, anasuka ukili. Mikono yake ilikwenda mbio bila kutazamwa.

"Hodi hapa."

"Karibuni."

"Shikamoo, bibi," alisema Laurencia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Shikamoo, mama," alisema Zuena.

Bibi alimwangalia mkwewe kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, akapanda tena mpaka usoni.

"Marahaba. Umepungua. Ile homa ilikurudia?"

"Haikunirudia, mama."

"Usiku hushituki?"

"Sishituki."

Laurencia aliliweka hilo pembeni. Alikwisha kukutana na watu wengi waliozuia mali za wenzao: shangazi waliokalia cherehani, kaka waliofungia magodoro, mume mmoja aliyeficha miguu ya kitanda ili kitanda kisibebeke. Wote walikuwa na tabia moja, nayo ni kumtukana mwenye mali kabla hata hajakaa. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za homa.

"Bibi, nimekuja kwa ajili ya sanduku la Zuena."

"Alilichukua."

"Siku gani?"

"Siku aliyotoka eda."

"Nani alilibeba?"

Ukili ukasimama. Mikono ya bibi ilibaki hewani, halafu ikaanza tena, safari hii kwa kutazamwa.

"Muulize Mansuri. Mie mtu mzima, sikumbuki kila kitu."

Mansuri alitokea uani kabla hajaitwa, kwa hiyo alikuwa anasikiliza. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, mabega mapana, macho hayatulii. Alisalimia kwa adabu zote, kisha akajibu swali ambalo hajaulizwa.

"Jumanne ndiye aliyempakia. Yule mwenye mashua. Alipakia vitu vyake vyote."

"Na sanduku?"

"Vitu vyake vyote, afande."

"Nimekuuliza sanduku."

"Na sanduku."

Laurencia aliandika saa. Saa tatu kasoro. Akaomba kuona chumba, akaeleza mbele ya mwenyekiti kwamba hana hati ya upekuzi na kwamba wana haki ya kukataa. Mansuri alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukili. Hatimaye Mansuri alichomoa ufunguo mfukoni.

Chumba kilikuwa kidogo, kisafi, kimepakwa chokaa nyeupe mpaka macho yanauma. Kitanda cha kamba kilikuwa kitupu, mbao na kamba tu. Chini yake, upande wa ukutani, palikuwa na mawe mawili ya matumbawe yaliyochongwa bapa juu. Zuena aliyaonyesha kwa kidole.

"Lilikaa hapo. Juu ya hayo mawe, ili mchwa wasilifikie."

"Godoro liko wapi?" Laurencia aliuliza.

"Limetoka na marehemu," alijibu Bi Kijakazi kutoka mlangoni.

Laurencia aliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia wasipoelewa kitu na wakaona haya kuuliza. Akaandika *godoro hakuna*. Kisha akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa chini ya kitanda na kukaa huko muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti alianza kukohoa.

"Chumba kimependeza," alisema akiwa bado huko chini. "Chokaa hii mlipaka lini?"

"Kabla ya hitima ya arobaini," alisema Mansuri. Swali lilikuwa jepesi, akalijibu kwa wepesi. "Siku moja kabla. Nilipaka mwenyewe."

"Hamjarudia tena?"

"Turudie ya nini?"

Laurencia alitoka chini ya kitanda, magoti yamejaa vumbi. Alikuwa na jiwe moja mkononi. Alilipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Bwana Sadick, naomba uangalie juu ya jiwe hili. Unaona nini?"

Mwenyekiti alisogeza miwani. "Matone ya chokaa."

"Mengi?"

"Mengi. Kama punje za mchele."

"Jiwe hili lilikuwa limebeba sanduku. Chokaa inapodondoka hudondokea juu ya sanduku. Kwenye jiwe imefikaje?"

Mansuri alikuna shingo.

"Tulilitoa wakati wa kupaka," alisema. "Tukalirudisha."

"Lilikuwa zito?"

"Watu wawili."

Laurencia aligusa tone moja kwa ukucha wa kidole gumba, wala hakubonyeza. Likavunjika, likawa unga, upepo ukauchukua. Akagusa la pili. Nalo likaenda.

"Sanduku la kubebwa na watu wawili limekaa juu ya matone haya miezi mitatu, na matone yamebaki mazima?"

Mansuri aliutazama unga uliobaki juu ya jiwe.

"Hapa hapajarudishwa kitu," Laurencia alimwambia. "Sanduku liliondoka kabla hujashika brashi. Na kabla ya arobaini, Zuena alikuwa ndani ya eda, hatoki hata uani. Kwa hiyo hakulichukua yeye."

Zuena alikuwa ameegemea ukuta wa nje. Alipolisikia hilo alifumba macho, na haikuwa kwa faraja. Kama sanduku liliondoka miezi mitano iliyopita, lingeweza kuwa popote. Lingeweza kuwa limeuzwa Kilindoni, limevunjwa, vyeti vimewashia moto. Aliyasema yote hayo kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine. Laurencia hakumwambia kwamba na yeye alikuwa anayawaza hayohayo.

"Nionyeshe stoo yako," alimwambia Mansuri.

Kwenye stoo, nyuma ya nyavu na maboya, palikuwa na sanduku la bati la buluu. Laurencia aliliona wa kwanza. Ilichukua karibu nusu saa kulifukua, kwa sababu Mansuri alisisitiza kuitoa kila kamba kwa mpangilio wake, na Laurencia alikuwa na hakika kwamba anavuta muda. Lilipofika nje, Zuena alilizunguka mara moja tu.

"Si lenyewe. Langu lina ua."

Ndani mlikuwa na ndoana, risasi za nyavu na jozi ya viatu vya mpira. Mansuri hakuonyesha furaha ya kushinda. Alianza kurudisha kamba zake moja moja, kichwa ameinamisha.

Saa tano na robo.

*

Jumanne alikuwa amelaza mashua yake ubavu kwenye mchanga, anaikalafati, anashindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye nafasi za mbao kwa patasi na nyundo. Laurencia alimwambia Zuena asimame mbali. Shahidi huongea vizuri zaidi asipotazamwa na anayemhurumia.

"Siku Zuena aliyohama, wewe ndiye uliyempakia?"

"Mimi."

"Ulipakia nini?"

"Yeye, begi, ndoo na jiko la mkaa. Jiko lilinichafulia mkeka."

"Na sanduku?"

"Siku ile sanduku sikupakia." Alipiga nyundo mara mbili. "Mansuri kasema nimepakia?"

"Kasema."

"Basi mwulize vizuri. Siku ile sikupakia."

Laurencia alikuwa ameshafunga notibuku. Akaifungua tena.

"Jumanne, umesema siku ile mara mbili."

Nyundo ikatulia.

"Kuna siku nyingine uliyopakia sanduku kutoka nyumba ile?"

"Afande, vile vilikuwa vya mwosha. Mie vitu vya mwosha navipakia, navishusha, basi. Sivizungumzi."

"Leo utavizungumza. Vitu gani?"

Jumanne alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na sura ya mtu anayetamani bahari ipande upesi imwondoe pale. "Godoro. Mashuka. Furushi la nguo. Na sanduku la bati. Siku ya pili baada ya maziko. Nikavishusha ng'ambo, Utende, kwa Mzee Taufiki. Yeye ndiye aliyemwosha Hemedi."

"Sanduku lilikuwa na ua kwenye kifuniko?"

"Lilikuwa na ua."

Laurencia alirudi kwa Zuena akitembea haraka, mchanga unamwingia viatuni. Sasa aliyaunganisha: godoro limetoka na marehemu. Angeuliza pale pale mlangoni angeokoa saa mbili na nusu, lakini aliona haya, na haya ya mpelelezi hulipwa na mwenye shida.

"Zuena. Kwenu mwosha hupewa nini?"

"Hupewa alichofia marehemu," alisema Zuena. Lilikuwa jambo analolijua tangu utotoni, akalisema kama anayesoma. "Godoro alilolalia, shuka alizojifunika, nguo alizovuliwa. Ni haki yake, haiulizwi, na hairudishwi. Wengine hutoa kila kitu kilicho kitandani, juu na chini, ili pasibaki..."

Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kanga, ukalishika lile fundo la ufunguo.

"Lakini sanduku si la Hemedi," alisema polepole. "Mle mna nguo zangu."

"Ulisema lilibaki chumbani ulipohama. Uliliona kwa macho yako?"

"Chumba kilikuwa kimefungwa."

"Mara ya mwisho kuliona?"

"Siku aliyokufa."

Laurencia alitazama mstari aliouchora asubuhi. Alikuwa ameandika kama ushahidi jambo ambalo hakuna aliyeliona. Aliikata sentensi ile, na kalamu ikatoboa karatasi.

*

Bi Kijakazi hakungoja kuulizwa. Alipowaona wanarudi wamenyooka namna ile aliweka ukili chini, akaukunja, akauweka kando.

"Jumanne kasema," alisema.

"Kasema, bibi."

"Kosa langu," alisema Mansuri kutoka mlangoni. "Siku ya maziko nani alikuwa na akili zake? Vijana waliniuliza vipi vitoke. Nikawaambia kila kilicho pale kitandani, juu na chini. Nilikuwa nalia. Sikuinama kutazama."

"Mkajua lini?"

"Wiki haijaisha. Nilipoingia kufagia."

"Na hamkwenda kulichukua."

"Mimi nilitaka kwenda," alisema Mansuri. "Mama akanikataza."

Laurencia aligeuka. Alikuwa na maneno makali tayari, yenye namba za vifungu, lakini uso wa bibi ulimzuia. Yule mzee alikuwa anaogopa, na hakuwa anamwogopa polisi. Alikuwa anamtazama Zuena.

"Mwanangu, wewe si mtu wa huku, nitakueleza," alisema Bi Kijakazi. "Mie nimetoa nguo za mtu mzima, mwenye roho yake, nikazichanganya na za maiti. Nimempelekea mwosha kwa jina langu. Unajua maana yake? Ni kumchuria. Ni kama nimesema, na huyu naye mchukueni." Akamwelekezea Zuena mkono. "Na wiki ya tatu akashikwa na homa. Homa ya siku tisa, hali, hanywi, anaweweseka anamwita Hemedi. Nikamkanda kwa maji usiku na mchana, nikasema ndio hiyo, nimemuua. Akapona. Nikasema basi, asijue. Mtu akijua amehesabiwa na wafu atakufa kwa hofu tu. Nitasema alilichukua mwenyewe, achukie, aende zake, aishi."

Zuena alikuwa amesimama katikati ya baraza. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Mama, nilidhani unanichukia," alisema. "Nilikaa Baleni wiki tano nikijiuliza nimekukosea nini."

"Bora unichukie."

"Mle mna vyeti vyangu. Kesho nisipovuka navyo kazi imepotea. Nimeisubiri kazi hii miaka sita."

Hilo bibi hakuwa analijua. Ilionekana usoni. Mara zote mbili Zuena alipokuja alisema sanduku langu, na adabu ya mkwe ikamzuia kueleza zaidi ya hapo.

Laurencia alitazama saa. Saa sita na nusu. "Nakwenda Utende. Nitalichukua kwa amri ya polisi."

"Taufiki hatakupa," alisema Bi Kijakazi. "Hata uje na bunduki. Nilimpa mie. Mpaka aambiwe na aliyempa." Aliinuka kwa kushika nguzo, magoti yakalia. "Mansuri, nipe buibui langu."

*

Mashua ya Jumanne ilikuwa bado imelala ubavu, pamba haijaisha kushindiliwa, na iliwabidi wangoje nyingine. Ilikuja saa tisa kasoro na upepo wa mbele. Walikaa wanne, Laurencia akihesabu moyoni: kuvuka, kwenda kwa mzee, kurudi barabarani, gari la kwenda Kilindoni. Kama mzee yupo. Kama sanduku lipo. Miezi mitano ni mingi, na vitu vya mwosha ni vyake. Angeweza kuuza, kugawa, kutia mbegu za mahindi. Hakuna sheria ambayo ingemshika kwa hilo. Zuena aliliuliza swali hilohilo kwa kunong'ona, na Laurencia akajibu kwamba hajui, kwa sababu hakujua.

Mzee Taufiki alikuwa uani kwake Utende, anageuza mbata juani. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ndevu chache nyeupe na mikono safi kupita kiasi. Aliitika salamu za kila mmoja kwa zamu yake. Macho yake yalipofika kwa Zuena yalishuka mpaka kwenye pindo la kanga, yakakaa pale.

"Wewe ndiye mwenye ufunguo," alisema.

"Ndiye mimi, babu."

"Umechelewa."

Laurencia alisogea mbele. "Sanduku lipo, mzee?"

"Lipo." Mzee aliendelea kugeuza mbata. "Miaka thelathini na tatu nimepewa vitu vya maiti. Magodoro, kanzu, hata meno ya bandia. Hakijawahi kunijia kitu chenye kufuli. Nikasema, kufuli lina mwenyewe, na mwenyewe yu hai, kwa maana ufunguo sijapewa. Nikaliweka darini. Nikatuma salamu Chole mara mbili waje walitazame." Alimtazama Mansuri. "Salamu zilifika?"

"Zilifika," alisema Mansuri, akiangalia vidole vyake vya miguu.

Laurencia aliona aibu kidogo. Mzee huyu alikuwa amemaliza upelelezi wote miezi mitano iliyopita, bila notibuku na bila kupanda mashua.

"Basi tupatie, mzee. Tuna haraka."

"Haraka ninyi mnayo. Mie nataka kusikia kwa aliyenipa."

Wote walimgeukia Bi Kijakazi. Alikuwa amesimama kando ya mbata, ameshika buibui kifuani kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limeshaanza kuinamia minazi. Laurencia alisikia gari likipita barabarani, likapunguza mwendo, likaondoka. Lilikuwa gari la Kilindoni, na hakuna aliyejua kama lingekuwapo jingine kabla ya magharibi.

"Taufiki," alisema bibi mwishowe. "Nilikupa kwa makosa. Mwenye sanduku yu hai. Huyu hapa. Anaitwa Zuena, mke wa mwanangu."

"Nimesikia," alisema mzee. "Mansuri, panda darini."

Lilishushwa. Ua jekundu lilikuwa limefifia, na kutu ilikuwa imekula pembe moja mpaka pamekuwa na tundu la kupitisha kidole. Zuena alilitazama tundu lile asitazame kitu kingine. Alipiga magoti, akafungua fundo, akatia ufunguo. Haukuzunguka. Alijaribu tena kwa mikono miwili, nao haukusogea. Mzee Taufiki alileta mafuta ya nazi kwenye kifuu, akadondosha matone mawili kwenye kufuli na kusubiri kama mtu mwenye wakati wote wa dunia.

Kufuli lilifunguka.

Juu palikuwa na kanga, gauni la mtandio, shumizi mbili, vyote vina harufu ya kutu na karafuu. Zuena hakuvishika kwa upole. Alichimba mpaka chini, akatoa bahasha ya plastiki yenye zipu. Kona yake moja ilikuwa imeguswa na kutu. Alichomoa karatasi ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa. Ya pili, cheti cha kidato cha nne. Ya tatu ilikuwa imegandia plastiki, ikagoma, akaivuta taratibu. Ikatoka. Cheti cha uuguzi, muhuri mzima, jina zima, picha ya msichana wa miaka ishirini na mbili anayejitahidi asitabasamu.

"Vyote?" aliuliza Laurencia.

"Vyote."

Aliketi chini mchangani, bahasha kifuani, akalia kwa sauti sasa, kama aliyepewa ruhusa. Laurencia alisaini notibuku, akamsainisha Mansuri, akatazama saa mara ya mwisho. Saa kumi na moja kasoro.

"Inuka, mama. Tutafute gari."

Zuena aliinuka. Alikuwa amekwisha kupiga hatua tatu Bi Kijakazi alipomwita.

"Vaa moja," alisema. Hakuwa amelisogelea sanduku. Alilionyesha kwa kidevu. "Mie siwezi kuzishika. Vaa moja ya mle nikuone."

Laurencia alifungua kinywa kusema gari. Mzee Taufiki alimwinulia kiganja, naye akafunga kinywa.

Zuena alirudi. Aliinama akatoa kanga ya juu kabisa, akaikung'uta, akajitanda kichwani na mabegani. Ilikuwa na mikunjo ya miezi mitano na doa la kutu begani. Bi Kijakazi alimwangalia kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Geuka."

Akageuka.

"Tembea mpaka pale kwenye mnazi. Urudi."

Zuena alitembea mpaka kwenye mnazi, vyeti mkononi, kanga ikimpepea mgongoni, akarudi mpaka alipofika mbele ya mkwewe kiasi cha kusikiana pumzi. Bibi alinyoosha mkono, akamshika shavu, akaubakiza mkono pale mpaka alipohakikisha kwamba lina joto.

"Haya," alisema. "Sasa nenda."